Oili Hupimwa Mahali Tambarare

Wenzangu mliobaki gereji mmenisumbua sana niandike, kwa hiyo msinilaumu nikiandika kwa hasira. Mambo ya vyeo na mshahara niliyaacha getini pamoja na kitambulisho cha kazi. Nitaandika juu ya giaboksi za otomatiki, kwa sababu hizo ndizo zilizonitia mvi, na kwa sababu kuna mtu mmoja ambaye mimi, Fundi Okoth mnayenijua, nilimharibia jina kwa ajili ya giaboksi moja. Nitafika kwake. Kwanza mjue tulikotoka.

Nilizaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi wa chai. Baba alitoka upande wa ziwa kuja kuchuma, akazeeka akichuma, na hakutaka nichume. Siku yangu ya kwanza gereji ya kiwanda nilivaa viatu vya kanisani. Mzee Njoroge, msimamizi wa gereji wakati huo, alivitazama, akanitazama, akauliza, "Hivi ni vya harusi ya nani?" Kufika saa nne vilikuwa vimelowa dizeli, na mama yangu aliviona jioni akavitoa nje ya mlango. Afadhali angenigombeza.

Gereji yetu zamani ilikuwa kibanda cha kuoshea malori ya majani. Sakafu ilimwagwa na mteremko makusudi, kutoka ukuta wa nyuma kuja mlangoni, ili maji na matope yaende zake mtaroni. Kampuni ilipojenga pa kuoshea kwingine, sisi mafundi tukapewa kibanda. Hakuna aliyelalamika, tena tulikipenda. Ukiangusha nati, ilijiviringisha yenyewe mpaka kwenye karai tuliloweka mlangoni. Fundi mgeni akidondosha bolti akaanza kutambaa chini ya gari, tulimwambia, "Nenda karai, imeshafika." Na mjue kwamba kwetu huku, kuanzia Kericho mpaka Mogogosiek, mahali tambarare ni pale ambapo ukisimamisha gari unaweka jiwe moja nyuma ya gurudumu badala ya mawili. Mteremko kama ule wa gereji hatukuuona kuwa mteremko.

Miaka hiyo magari yote yalikuwa ya klachi, na ugonjwa wetu mkubwa ulikuwa frii. Dereva akifika kichwa cha mlima anatoa gia, anaacha lori literemke lenyewe na tani za majani mgongoni, eti anaokoa dizeli. Breki zinafika chini zikinuka. Mzee Njoroge aliwatukana madereva kwa Kiswahili, kwa Kikuyu, na kwa Kipsigis cha kuokoteza. Wao wakamjibu, "Sawa, mzee," halafu kesho yake wanateremka frii. Hata mimi nilipojifunza kuendesha niliteremka frii. Wacha tu niseme ukweli.

Halafu ikaja otomatiki ya kwanza, gari ya meneja. Mzee Njoroge aliizunguka mara mbili, akafungua boneti, akanionyesha kijiti cha kupimia oili ya giaboksi. Darasa lake lilikuwa fupi. Washa injini ipate moto. Kanyaga breki, pitisha gia zote taratibu, rudisha pa kuegeshea. Vuta kijiti, pangusa, rudisha, vuta tena. Angalia, halafu nusa. Ikiwa nyekundu na inanuka oili tu, funga boneti uende unywe chai. Ikiwa ya kahawia na inanuka kama mahindi yaliyoungulia jikoni, mwite mwenye gari umuulize alifanya nini. "Giaboksi haisemi uongo, Okoth," alikuwa akiniambia. "Mwenye gari ndiye anasema uongo." Nililishika neno hilo kama amri ya kanisa. Laiti ningelisahau.

Ningeomba mambo yaishie hapo, lakini watengenezaji wa magari hawawezi kukaa na kitu kinachofanya kazi. Kwanza walibadilisha oili. Ile ya mwaka juzi haifai gari ya mwaka huu, na hii ya mwaka huu ukiiweka kwenye ile ya juzi inaanza kushtuka ikibadilisha gia kama punda aliyeguswa mkia. Nenda sasa ukamwambie hivyo mwenye duka la vipuri. "Fundi, nyekundu ni nyekundu." Mara ngapi nimeambiwa hivyo! Kisha zikaja giaboksi zenye mkanda badala ya meno ya gia, oili yake ina rangi ya kijani, na yule yule wa duka akaniambia kijani ni kwa sababu imekaa sana dukani. Baadaye wakatuambia oili mpya ni ya maisha, haibadilishwi kamwe. Maisha ya nani? Miaka michache ikapita, waraka wao ukasema ibadilishwe, hasa kwenye milima. Jamani, sisi tuna nini kingine hapa isipokuwa milima?

Kisha wakatoa kijiti. Hebu fikirieni. Unafungua boneti, mahali pa kijiti pamefunikwa kabisa, kama mtu aliyefumbwa mdomo. Eti madereva walikuwa wakijaza wenyewe kupita kiasi na kutia uchafu. Labda ni kweli, madereva nawajua. Lakini dereva akikosea mnamnyang'anya fundi pua?

Njia mpya ya kupima ililetwa na waraka wa sevisi, kurasa nne, ambao ulikaa miezi sita ofisini kwa meneja wa usafiri chini ya chupa ya chai. Niliuona kwa sababu niliinua chupa nijimiminie. Nilikasirika mpaka chai ikanishinda. Wakati huo Mzee Njoroge alikuwa amestaafu na mimi ndiye msimamizi, kwa hiyo niliuchukua waraka, nikawakusanya mafundi wote, nikausoma kwa sauti, nikitafsiri mstari kwa mstari. Gari iwe mahali tambarare. Injini iwe inanguruma. Oili iwe vuguvugu kwa kipimo cha kompyuta, si kwa kidole. Ingia chini, fungua kizibo kilicho upande wa nyuma wa sampu, lile bakuli la oili chini ya giaboksi. Oili ikitiririka kama uzi, ngoja mpaka iwe matone, kisha funga. Isipotoka kitu, ongeza mpaka itoke.

Nilibandika kurasa zile ukutani. Fundi aliyepima oili bila kompyuta nilimpigia kelele mpaka wachumaji wa shamba la jirani wakasimama kusikiliza. Mnanikumbuka. Mlikuwa mkiniita Waraka nikiwapa mgongo, mlidhani sijui. Nilijipiga kifua kwamba katika kiwanda kizima mimi ndiye ninayesoma.

Sasa nifike kwa Rono.

Zahanati ya kampuni ilipata ambulensi mpya, otomatiki isiyo na kijiti, na dereva wake alikuwa Elijah Rono, mtu wa Kiptere, mzee wa kanisa, maneno machache. Alifuta usukani kwa leso kila asubuhi kabla ya kuushika. Wauguzi walisema mgonjwa aliyelala hakuamka akiendeshwa na Rono, hata kwenye zile kona za kuelekea Bomet. Sevisi ya kwanza ya giaboksi ile niliifanya mimi mwenyewe. Sikumwachia mtu, ilikuwa gari ya wagonjwa. Niliiingiza gereji pua kwa ukuta, nikafuata waraka hatua kwa hatua. Nilipofungua kizibo oili ikatiririka kama uzi, nikangoja matone, nikafunga, nikafurahi.

Miezi mitatu baadaye ambulensi ilipanda mlima na mama mwenye uchungu wa kuzaa. Katikati ya mlima injini ikanguruma na gari ikakataa kwenda. Rono akaita wachumaji kutoka shambani, wakaacha vikapu, wakaweka mawe kwenye magurudumu, na yule mama akapakiwa kwenye lori la majani, akalazwa juu ya chai, akafikishwa hospitali. Mtoto alizaliwa salama. Namshukuru Mungu kwa hilo kila siku.

Nilifungua giaboksi. Sahani za klachi za ndani zilikuwa nyeusi tititi, zimeungua. Oili iliyobaki niliimwaga kwenye ndoo ya taka. Sikuipima. Mnisikie vizuri, nyinyi vijana: mimi Waraka sikupima oili iliyotoka. Niliona sahani zilizoungua, nikakumbuka madereva na milima, nikapata jibu kabla ya kuuliza swali. Frii. Otomatiki ikiteremshwa frii halafu ikatiwa gia mwendoni, ndivyo inavyoungua.

Rono alikuja gereji akasimama mlangoni, hakuingia.

"Fundi, nasikia unasema niliweka frii."

"Sisemi mimi. Sahani ndizo zinasema."

"Mimi sijaweka frii. Na mgonjwa nyuma? Haki ya Mungu, Okoth, hata siku moja."

"Rono," nikamwambia, "giaboksi haisemi uongo."

Kisha akasema, "Haya, fundi," akaenda. Niliandika ripoti, nikatia sahihi, na mwisho wa mwezi Rono akafutwa kazi. Basi la kanisa alilokuwa akiendesha Jumapili akapewa mtu mwingine. Hakuna aliyetaka kumwachia gari mtu aliyekaribia kuua mama na mtoto kwa sababu ya dizeli ya vijiko viwili.

Ningeishia hapo ingekuwa makosa ya kawaida. Lakini mimi nilikuwa mwalimu, si ndiyo? Nilizifunga zile sahani kwa waya nikazitundika ukutani karibu na waraka. Kila dereva mpya wa otomatiki nilimsimamisha mbele ya sahani hizo. "Hii ni kazi ya Rono. Ukiteremka frii, unapiga Rono." Walicheka, na wakalishika. Haukupita mwaka neno likawa la madereva wote, kutoka viwandani mpaka stendi. Fulani amepiga Rono. Usinipigie gari Rono. Magari mengine mawili yaliyotoka mikononi mwetu yalipoanza kuteleza yakipanda mlima, niliwafokea madereva wao jina hilo hilo. Waliapa, nikawacheka. Nilikuwa nimechoka na uongo wa madereva, na nilijiona nina haki ya kuchoka.

Mwaka wangu wa mwisho kampuni ilinunua mashine ya kuinulia magari, ile ya nguzo mbili. Mashine hiyo inataka sakafu iliyonyooka, kwa hiyo akaitwa mwashi, Barasa, aangalie. Barasa aliweka pimamaji yake sakafuni, akainama, akainuka, akaigeuza, akaiweka tena. Akafunga uzi ukutani, akauvuta ukiwa umenyooka mpaka mlangoni, akaweka mkono wake kati ya uzi na sakafu. Kiwiko kiligusa chini na ncha za vidole zikagusa uzi.

"Fundi," akaniuliza, "hapa mnatengeneza gari ama mnaosha ng'ombe?"

Tulicheka sote. Mimi nilicheka zaidi, nikamwonyesha karai la nati. Nikiwa bado nacheka niligeuka upande wa ukuta, macho yakaanguka kwenye waraka, mstari wa kwanza, ule niliousoma kwa sauti mbele yenu nikiwa nimesimama pale pale. Gari iwe mahali tambarare.

Sakafu inapanda kuelekea ukutani. Gari zote tuliingiza pua kwa ukuta. Pua ikiwa juu, oili inarudi nyuma, na kizibo kiko nyuma. Kwa hiyo inatiririka mapema, fundi anangoja matone, anafunga, anafurahi, na giaboksi inaondoka na njaa. Kwenye barabara ya kawaida inavumilia. Kwenye mlima mkali, pua juu tena, oili ile kidogo inakimbilia nyuma, pampu iliyo mbele inavuta hewa badala ya oili, na sahani zinaungua bila mtu yeyote kugusa frii.

Nilitaka kuhakikisha kwa mikono yangu. Ambulensi ilikuwa imewekwa giaboksi nyingine, na sevisi yake nilikuwa nimeifanya mwezi uliotangulia, hapo hapo gereji. Niliipeleka kwenye mizani ya malori, kwa sababu hapo ndipo mahali pekee kiwandani palipojengwa tambarare kweli. Mizani ingeinama kidogo wakulima wangebomoa kiwanda. Niliacha injini ikinguruma, nikangoja kompyuta iseme vuguvugu, nikaingia chini. Nyuma yangu malori ya majani yalipanga foleni na madereva wakapiga honi. "Fundi, toa hiyo gari, majani inachemka!" Nikafungua kizibo.

Halikutoka hata tone.

Niliongeza oili taratibu. Ilikunywa karibu lita nzima kabla ya kudondosha tone la kwanza. Nilibaki nimelala chini ya gari ile na honi zikilia, na sikuweza kutoka. Nilikuwa nimejikasirikia kuliko nilivyowahi kumkasirikia dereva, mwenye duka, au mtu wa kutoa vijiti. Wao angalau hawakuwa na waraka ukutani. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Nilimweleza meneja wa usafiri siku hiyo hiyo. Alifunga mlango kwanza.

"Okoth, umebakisha wiki sita. Kwani unatafuta nini?"

"Natafuta kuandika ripoti nyingine."

"Na mambo ya Rono ni ya zamani. Ameshazoea shamba."

"Umemuuliza kama amezoea?"

Hakuwa amemuuliza. Niliandika ripoti, kurasa nne kama za waraka, nikatia sahihi mahali pale pale nilipotia ile ya kwanza. Namshukuru meneja, alinung'unika lakini hakuificha chini ya chupa. Rono aliandikiwa barua kwamba hakuwa na kosa. Kazi hakurudishiwa, maana ambulensi ilikuwa na dereva mwingine na umri wake wa kustaafu ulikuwa umefika. Sahani nilizishusha ukutani. Sakafu Barasa aliisawazisha, na nyinyi mnaofanya kazi juu yake sasa mkiangusha nati mnalazimika kutambaa kama watu wengine. Msilalamike.

Kiptere nilikwenda baada ya kustaafu. Ningeweza kwenda mapema. Kila wiki nilipata sababu, na sababu zote zilikuwa za uongo. Nilimkuta Rono ametoka kupeleka majani kituo cha kununulia, anaosha buti kwenye bomba. Hakushangaa kuniona, akanisalimia kwa Kipsigis.

"Chamgei, Okoth."

"Chamgei, mzee."

Alinikaribisha ndani, chai ikaletwa. Nilimweleza yote, sakafu, kizibo, mizani, ile lita moja. Alisikiliza kama fundi, akiuliza maswali mafupi. Mwisho akaniuliza, "Siku ile ulimwaga oili ya zamani bila kupima?"

"Bila kupima."

"Na mimi nilikuambia."

"Uliniambia."

"Niliapa, hata. Mimi siapi ovyo, wewe wajua." Aliweka kikombe chini. "Barua ilifika. Niliisoma, mama watoto akaisoma, mchungaji akaisoma. Asante kwa barua."

Nikaanza kusema pole, akainua mkono nisimalize.

"Iko mahali moja barua haikufika. Mtoto wangu wa mwisho, Chebet, nimempeleka shule ya udereva hapo Kericho. Siku ya tatu akarudi akaniuliza, 'Baba, mwalimu anasema kwa gari yake hakuna kupiga Rono. Hiyo ni nini?' Huyo mwalimu hanijui. Alisikia tu neno huko kwa madereva, na anafundisha watoto."

Sikutaka kujua, lakini niliuliza. "Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia sijui."

Alisema hivyo akiangalia mikono yake. Miaka ile yote nilimwona Rono mara nyingi, kwa mbali, sokoni, barabarani na gunia la majani, na sikuwahi kumwona ameinamisha kichwa. Sasa alikuwa ameinamisha, nyumbani kwake, mbele yangu mimi. Machozi yalinitoka na sikuyaficha.

"Nimedanganya mtoto wangu," akasema. "Mimi."

Kisha akageuza uso upande wa jikoni akaita, "Chebet! Kuja hapa. Huyu mzee iko kitu anataka kukuambia."

Msichana akaja akipangusa mikono, akanisalimia kwa adabu, akaketi kando ya baba yake. Nikamwambia kwamba lile neno nililianzisha mimi, na kwamba baba yake hakuweka frii hata siku moja.